Msimamo wa Nchi

Nilikuwa karani wa kundi F, mpakani Busia,
dirisha namba mbili, mifugo na mazao yake.
Kila asubuhi mayai yalivuka kutoka ng'ambo,
trei juu ya trei, yamefungwa kwa kamba za katani,
nami nikigonga: IMERUHUSIWA, IMERUHUSIWA,
hata ugali wa jioni ukaonja wino.

Alhamisi moja mpini wa muhuri ukakatika.
Droo nzima ukabaki mmoja tu,
ule wa IMEZUILIWA KWA MUDA.
Niliandika Kisumu kuomba mwingine.
Kisumu wakajibu: jaza fomu ya vifaa, nakala tatu.
Na kwa kuwa kanuni hairuhusu mzigo upite bila alama,
niligonga nilichokuwa nacho.

Malori kumi na saba. Jua la saa saba.
Yai halijui mpaka, lakini joto linalijua.

Bwana Wasonga, mkuu wa kanda, akapiga simu:
"Amoit, huko kuna nini?"
"Kuna muhuri," nikasema.
Laini ilikwaruza. Akaandika: *kuna hatari*.

Simlaumu. Kila ofisi husikia kwa sikio ililopewa.
Mifugo wakasikia homa ya kuku.
Kilimo wakasikia bei, na kura za Agosti.
Biashara wakasikia mkataba ukichanika,
Hazina wakasikia sarafu zikidondoka sakafuni,
na Mambo ya Nje wakasikia redioni,
wakaudhika, si kwa mayai,
kwa kutoulizwa.

Kikao kikaitishwa. Meza ya mninga, chupa ya maji kila kiti.
Kila mmoja akashika kipande chake cha jamhuri
kama ndugu wanaogawana ng'ombe wa matanga:
huyu paja, huyu ini, huyu ngozi.
Mifupa iliyosalia, isiyotakwa na yeyote,
wakaichemsha usiku kucha,
wakauita mchuzi ule msimamo wa nchi.

Nilikuwa hotelini kwa Mama Ajiambo, nakula omena,
waziri alipousoma kwenye runinga.
*Baada ya kutafakari kwa kina*, alisema,
bidhaa hiyo *imezuiliwa kwa muda*.
Muhuri wangu! Neno kwa neno,
kinywani mwa mtu asiyejua dirisha namba mbili liko wapi.
Meza ya jirani wakaanza kupambanua:
hii ni mbinu, jirani anabanwa kwa ajili ya bomba la mafuta.
Hapana, akasema mwingine, hilo ni agizo la wafadhili.
Niliendelea kutafuna omena, vichwa na vyote.

Siku ya nne ng'ambo wakajibu. Maziwa yetu yakazuiliwa.
Barua ilipofika kwangu, nakala ya nakala,
niliona aya tatu zote zinaanza *Kwa kuwa*,
na koma pale pasipostahili koma.
Okiror. Karani wa upande wa pili,
ambaye stepla yake ninayo tangu Pasaka.

Nilivuka kwa miguu, hatua mia mbili na kumi.
Akanimiminia chai ya rangi, akaomba radhi kwa hilo.
"Yako iliniumiza," akasema. "Yangu je?"
Tulicheka mpaka machozi,
kisha tukaacha kucheka,
maana nje mwanamke alikuwa anamwaga mayai mtaroni,
trei baada ya trei, huku akihesabu kwa sauti,
kama anayelipa deni asilolikopa.

Husemwa tembo wakipigana ziumiazo ni nyasi.
Siku zile nilitafuta tembo pande zote mbili za mpaka.
Niliona meza.

Muhuri mpya ulifika Novemba, ndani ya boksi kubwa mno,
pamoja na fomu ya kuthibitisha kwamba umefika.
Mstari wa tisa uliuliza sababu ya kuchelewa.
Nilifikiri kidogo, nikatazama foleni,
nikaandika: *Mashauriano ya kina.*