Mguu wa Nne

Bi Shinuna aliniomba kifutio, nikampa,
nikidhani ana kosa la kufuta.
Akakitumbukiza kwenye mkoba wake.
"Utakipata Ijumaa ijayo. Sasa chora."

Saa moja asubuhi, Nizwa, soko la mbuzi.
Wauzaji wanazunguka, kamba mkononi,
wanataja bei hewani: thamanini! thamanini na tano!
Mbuzi wanazunguka, vumbi linazunguka,
wanunuzi wamechuchumaa ukingoni,
wanapapasa viwele, wanafunua midomo, wanahesabu meno;
bibi wa jangwani, barakoa usoni,
amemkataa beberu kwa kidole kimoja.
Na nyuma ya yote, mnara wa ngome,
mnene, rangi ya biskuti,
peke yake uliokubali kutulia.

Nikauchora mnara.
Nikauchora vizuri, ufa kwa ufa.
Nilipoinua macho, soko lilikuwa jingine.

"Mnara utakungoja," akasema.
"Yule mweusi keshauzwa."

Alikuwa mchora ramani, idara ya maji,
miaka thelathini akinyoosha mifereji ya falaji kwa rula.
Siku ya kustaafu aliisahau rula kwenye droo,
makusudi.
Kiswahili chake cha Mkunazini
amekivusha tangu utotoni kama sahani ya kaure:
hakina hata mwatuko.

Kunja macho, ananiambia, nusu uyafumbe.
Achana na nyuso. Achana na marinda ya vilemba.
Giza liko wapi? Mwanga umeangukia nani?
Anza na ule mstari unaozunguka,
na mkono utoke begani, mwanangu, begani,
kama asongaye haluwa:
nani umemwona akihesabu punje za sukari?

Dakika mbili. Funua ukurasa.
Dakika mbili. Funua.
Wa kwanza: viazi vyenye masikio.
Wa nne: viazi vinatembea.
Wa tisa sijui niuelezeje.
Mkono ulitangulia, nami nikaufuata mbio;
mgongo wa mzee ukawa mkunjo mmoja,
kanzu kumi zikawa karatasi niliyoiacha tupu,
jambia, nukta tu,
na ukiutazama unasikia kelele.

Kivuli kikaniangukia daftarini.
Mtu na kamba yake, na mbuzi anayenusa penseli.
Akainama, akatazama sana,
akamwambia Bi Shinuna neno refu la Kiarabu.

"Anasema huyu ni mbuzi wake, amemjua kwa pembe.
Anauliza mguu wa nne uko wapi."

Mwambie sikuwahi.

Wakasemezana tena. Bi Shinuna akajikaza asicheke.
"Anasema basi uufunike, tafadhali.
Mnunuzi akiuona atataka apunguziwe bei."

Akaenda zake, akarudi mduarani, thamanini na tano!
Mbuzi, kwa miguu yote minne, nyuma yake.
Mwanga ulikuwa umeshapanda nguzoni.
Nikafunua ukurasa wa kumi.
Nilibakiwa na dakika moja na nusu.