Gundi Ileile

Matera, kuta hazinyamazi.
Ersilio na ngazi yake, brashi, ndoo ya gundi:
Jumatatu sarakasi, Jumanne viatu nusu bei,
na kila siku, ndani ya fremu nyeusi, jina la marehemu.

"Yote ni kutangaza," husema.
"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Maiti hawezi la kwanza wala la pili,
basi namtembeza mimi."

Leo amebandika la mkewe, Nunziata,
aliyekwepa kamera hata harusini.
Amelinyoosha kwa kiganja, mara mbili,
ubavuni mwa simba wa sarakasi.

Wapitao wakasimama, wakasoma.
Miaka arobaini na mmoja jina hilo
lilikuwa la jikoni,
la kuitwa kwa sauti ya chini.

Sasa hata mvua inalijua.