Msasi Ahamia Maragoli

Kule Mtito Andei niliujua upepo hadi jina la mama yake.
Kwa kinyesi cha asubuhi ningekuambia
nyati alilala wapi, ameamka na hasira au la,
na kama nyayo hizi ni za jike mwenye ndama
au dume zee lililofukuzwa kundini.
Wazungu walinilipa ninyamaze na nioneshe kwa kidole.
Kidole hiki. Kiangalie vizuri.

Kisha redio ikasema, basi.
Mwaka wa sabini na saba, mwezi wa tano,
bunduki zikahesabiwa, zikafungiwa,
na mimi, Mulatya wa Nzuki, miaka thelathini na minne,
nikawa mtu ajuaye mambo yasiyoulizwa tena.

Vugutsa, mke wangu, akasema, Twende kwetu.
Tukapanda gari moshi usiku na mchana,
tukashuka Luanda, mvua ikitungoja.

Huku, mwenzangu, jicho halina pa kukimbilia.
Kule lilikwenda hadi lichoke lenyewe;
huku linagonga mgomba, likigeuka linagonga ukuta wa jirani.
Mahindi yamepandwa hadi mlangoni
na mawe makubwa yamekaa mlimani
kama tembo waliokataa kuhama.
Siku ya kwanza niliyanyemelea. Usimwambie mtu.

Shemeji yangu Amugune alinitazama nikimega ugali
jinsi mtu anavyotazama tundu kwenye gunia.
"Hivi, huyu aliwinda nini?"
"Nyati," Vugutsa alijibu. "Na tembo wawili."
"Vizuri. Basi anitolee fuko kwenye viazi."

Wakacheka. Nikacheka nao;
ukienda kwa wenye chongo, na wewe fumba lako.

Sikujua kitu. Niliketi na panga juu ya kifusi chake
tangu alfajiri, pumzi nimezibana,
na fuko akala mihogo nyuma ya mgongo wangu.
Siku tatu.
Ya nne akaja Kageha, binti wa Amugune,
meno mawili ya mbele hayapo,
kashika kijiti, kamba ya mkonge na waya wa baiskeli.
"Wewe Mkamba, unanuka sabuni. Anakusikia."

Mimi! Mimi niliyejipaka mavi ya tembo
nikapita katikati ya kundi kama mmoja wao,
nikanusa kwapa langu mbele ya mtoto.
Ni kweli. Nilinuka sabuni.

Akanionesha. Njia yake ifungue kwa vidole, si kwa jembe.
Fuko hapendi upepo nyumbani mwake, lazima arudi kuziba.
Kitanzi kilale kwenye ukuta wa shimo.
Kijiti kipinde, usikivunje.
Mikono ipake udongo wa mle mle.
Kisha ondoka, kwani msasi hodari ni yule asiyekuwepo.

(La mwisho ni langu. Yeye alisema tu, twende tukanywe uji.)

Kijiti kiliruka kabla kikombe hakijaisha.
Mnyama sawa na kiatu cha mtoto,
macho punje za mtama, meno ya njano, marefu,
na udongo mwekundu bado kifuani mwake.
Mbele ya nyati mikono yangu haikutetemeka kamwe.
Asubuhi ile Kageha ndiye aliyenifungulia kitanzi.

Mkia mmoja, shilingi moja.
Amugune alilipa polepole, kama anayeng'oa jino,
kisha akaniongezea mboga bila kuniangalia.

Usiku nikikosa usingizi natoka, nalaza sikio chini.
Zamani nilisikia kwato kutoka mbali.
Sasa nasikia kitu kidogo kikisukuma dunia juu,
kikapumzika, kikasukuma tena.

Jana mwalimu Lugaliki alinipeleka kwenye njugu zake.
Kesho naitwa kanisa la Marafiki:
fuko ameinua kaburi la mchungaji
na wazee hawataki waumini waone Jumapili.
Vugutsa ameniwekea maji ya moto.
Nimeyaacha yapoe.
Leo ni siku ya tano sijaoga.