Mwuza Gesi

Alhamisi, saa mbili asubuhi, honi yake huanza kwa mbali,
kule kwenye nyumba mpya zenye mageti ya nyota za chuma,
kisha inashuka wadi, inakanyaga changarawe,
na mitungi nyuma ya gari inagongana
kama ndugu wasiopendana waliolazwa kitanda kimoja.

Shafikul, mwuza gesi wa Ibra.
Mwaka wa tisa huu anatuletea.

Nilipomwambia mama nataka kupika kwa mavi ya ng'ombe
aliweka kikombe chini.
"Nimezaliwa Wete. Nimepikia vifuu, nimepikia makumbi,
nimepulizia kuni mbichi za mkarafuu mpaka kamasi.
Nimekuja Uarabuni nikapata moto wa kufungua na kufunga.
Leo wewe, Rayya, mwenye pensheni ya hospitali,
unanirudisha nyuma ya ng'ombe?"

Sikujibu. Nikachimba.
Mattar akashika sururu, mimi nikashika karai,
shimo likafika kimo cha mtu aliyeinua mkono,
tukalijenga matofali, tukalifunika kuba ya saruji.
Kaburi la walii, walisema majirani,
ila walii huyu ana bomba.

Marjani akala majani yaliyonyweshwa kwa zamu yetu ya falaji,
nusu saa, usiku wa Jumanne, tochi mdomoni,
nami nikamfuata nyuma na ndoo.
Ndoo moja ya mavi, ndoo tatu za maji.
Nilidhani ukarimu ni kumimina.

Siku ishirini.
Siku arobaini.
Nikafungua koki, nikawasha kiberiti:
kikazimwa, kama mtu aliyenyamazishwa barazani.
Ilikuwa pumzi tu, yenye harufu ya yai viza.
Mama alicheka hadi akashika mlango.

Alhamisi ile Shafikul alishusha mtungi begani,
akanusa. Hakuziba pua.
Akavua viatu, akakunja suruali,
akatia mkono ndani ya pipa mpaka kwenye kiwiko,
akautoa, akautazama unavyochuruzika.
"Maji mengi," akasema kwa Kiarabu chake cha vipande.
"Huu mchuzi. Pika uji."
Kisha, akinawa, bila kuulizwa:
kwao Sylhet mama yake alibandika mavi ukutani yakauke,
na viganja vyake vilibaki humo, vidole vitano vitano,
ukuta mzima ukimpungia mkono
alipokuwa akiondoka.

Basi ndoo kwa ndoo.
Jua la Juni, ambalo halijawahi kumsaidia mtu,
likasaidia.

Siku ya kumi na saba mwali ulisimama,
buluu, mdogo, usio na moshi.
Mama akaja na birika bila kusema neno.
Akapika chai ya tangawizi, akainusa, akainusa tena.
"Haina ng'ombe," akahukumu.

Na kinachobaki, lile tope jeusi lisilonuka tena,
nalibeba hadi kwenye mikhalasi mitatu iliyokuwa ikikauka vichwa,
kwenye ardhi iliyofanya ukoko mweupe wa chumvi
tangu kisima kuanza kutoa maji ya machozi.
Chini ya mitende: figili, vitunguu,
na mchicha wa mama, mbegu za Pemba
zilizosafiri zimefungwa pembeni mwa kanga.
Juzi jembe lilifichua nyungunyungu.
Mmoja. Nikamwita mama aje kumtazama
na alikuja, amevaa buibui, kama anayekwenda kwa mzazi.

Januari mwali hulegea, na mama hununa.
Sikusema ni miujiza.

Jinsi ya kumwambia Shafikul sikuijua.
Wiki ya kwanza nilijificha chumbani.
Ya pili nilinunua mtungi nisiouhitaji.
Ya tatu alisimama uani, akatazama bomba
linavyopita juu ya ukuta kwenda jikoni,
akatikisa kichwa, polepole, kama fundi akipokea kazi ya fundi,
akarudisha mtungi garini.

Honi bado inashuka wadi kila Alhamisi.
Hashushi kitu.
Mama amekwisha teleka birika kabla gari halijazimwa,
naye anachungulia pipa kwanza, kabla ya salamu:
"Uji?"
"Uji," namjibu.
Ndipo anavua viatu.