Bolti Namba Kumi

Saa nne asubuhi, Mexicali, lami inanata kwenye soli.
Bi Nicolasa Armenta anashuka na taulo shingoni,
anaufunga mlango wa Tsuru yake nyeupe kwa nyonga,
na kabla sijamsalimu anasema:
"Usinijazie gesi. Nimejaziwa mara nne.
Nataka kujua inakokwenda."

Nafunga geji, ya buluu na nyekundu.
Mishale imelala chini.
Kompresa inashika, inaachia, inashika tena,
kama mtu aliyekumbuka jina
likampotea kabla halijafika ulimini.

Kiti cha nyuma yumo mama yake, Bi Eduwiges.
Siku tatu kwa wiki hupelekwa kusafishwa damu,
dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi,
vioo vimeshushwa, jangwa lote likiingia ndani.
Namweka chini ya feni. Nampa maji.
"Kidogo, mwanangu," anasema. "Hata hayo napimiwa."

Haya, kazi.
Povu la sabuni kwenye kila kiungo: kimya.
Valvu za kujazia: kimya.
Kondensa: vumbi, bawa la panzi, kimya.
Naingiza nitrojeni, nafunga, nakaa juu ya ndoo.
Mshale unashuka, unene wa unywele,
halafu unywele mwingine.

Kwa hiyo tundu lipo.

Navaa miwani ya njano, najilaza chini ya gari
na taa ya zambarau mkononi.
Wale wa mara nne hawakutafuta kitu,
ila mmoja wao aliacha rangi ndani ya mafuta, Mungu ambariki,
na nyuma ya kompresa, bomba linapokunja,
pamewaka kijani cha kimulimuli.

Nafuta kwa kitambaa.
Bomba limesuguliwa na pembe ya kishikio
mpaka likawa jembamba kama karatasi ya sigara.
Bolti ya kulishika haipo.
Tundu lake tupu, hesi zake safi, halina hata kutu.
Bomba lisiloshikwa hucheza,
na lichezalo hujila lenyewe.

Nani fundi wa namna hii? nauliza kwa sauti,
na hapo hapo naona utepe kwenye waya wa jirani:
mizunguko mitatu kwenda kushoto, ncha imefichwa chini.
Fundi naye ana mwandiko.
Huu ni wangu.

Mwaka juzi, Agosti, kompresa hii niliifunga mimi.
Ningependa kusema simu ililia, mtoto aliugua.
Hapana. Ilikuwa Ijumaa, na bia ilikuwa baridi.

Ningeweza kunyamaza.
Bomba jipya, bili, asante sana, karibu tena.
Abundio, mwanafunzi wangu, ameshika tochi
na anautazama utepe, si mimi.
Ndiye aliyefundishwa kuufunga hivyo.

Natoka chini ya gari. "Bi Nicolasa, ni mimi."
Hapigi kelele. Anahesabu kwa vidole,
mara nne za gesi, kisha vidole vingine viwili:
"Julai mbili," anasema, na kumtazama mama yake.
Kwa hizo sina risiti ya kumrudishia.

Bomba jipya. Mipira mipya, imepakwa mafuta.
Bolti namba kumi, naikaza, naishika, naikaza tena.
Pampu inanyonya hewa nusu saa, naizima,
na sote wanne tunautazama mshale
kama watu wanaosubiri daktari atoke.
Haukutikisika.

Gesi napima kwa mizani, si kwa macho.
Kompresa inashika, haiachii.
Bi Eduwiges anaweka kiganja mbele ya tundu la hewa,
anafumba macho, anakigeuza,
upande wa pili nao upate.

Bi Nicolasa hajasema asante.
Amesimama kwenye rafu yangu, mbele ya kopo la maziwa
ninamotupia bolti zinazobaki,
kopo ambalo kila fundi analo na kila fundi hulicheka.
Analiinua. Analitikisa. Limejaa nusu.

"Na hizi," anauliza, "ni za nani?"