Mpakani mwa Vioo Viwili

Kadi imefika kwa treni, siku mbili na usiku wake,
imeviringishwa kanga, ndani ya kapu la vitunguu vya mtu mwingine.
Bukuru anaiweka mezani pangu kwa mikono miwili
kama aletaye posa.
"Editha," anasema, "ile ya ndani usiiue.
Zifunge pamoja zivute. Nguvu kwa nguvu."

Ningemcheka, lakini ameshalipa nusu.

Nimefungua ubavu wa kompyuta.
Vumbi jekundu la Mwanga limelala humo tangu mwaka juzi,
na mende mmoja, mkavu, miguu juu,
mlinzi aliyesahauliwa lindoni.
Nimepuliza, nimepangusa, nikamwonyesha:
huyu wa ndani kazaliwa tumboni mwa prosesa,
hana chumba chake, hana sufuria yake,
akitaka kumbukumbu anaomba jikoni
na humegewa kwenye ile ile ya nyumba nzima.
Huyu wa treni kaja na vyake:
kumbukumbu yake, feni zake mbili,
na mdomo wa pini sita unaodai umeme wa peke yake.

"Basi wakijumlishwa?"

Hawajumlishwi, Bukuru.
Moja na moja hapa ni moja, na moja.

Akanyamaza kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
Kisha akanitolea ile ya fahali wawili na zizi.
Nikamgeuzia kompyuta mgongo: tazama, zizi lina milango miwili.
Mmoja huu, juu, kwenye ubao mama,
mwingine ule, chini, kwenye bati la kadi.
Kila fahali na waya wake, kila waya na kioo chake.

Ila ubao mama una tabia ya watu:
ukimwona mgeni mwenye misuli
humzima wa nyumbani, wala haumwambii.
Nikawasha. Kioo cha kushoto, giza.
Nikabonyeza kitufe cha kufuta, mara tatu, nembo haijapita,
nikashuka hadi ule ukurasa wa buluu
mashine inapokiri siri zake,
nikatafuta mstari mdogo: wa ndani, azimwe.
Nikaugeuza: awashwe.
Nimeona ndugu wakikosana kwa neno fupi kuliko hilo.

Hapo umeme ukakatika.

Tukakaa tukiisikiliza jenereta ya buchani ikikohoa.
Bukuru akanisimulia pacha wake, Butoyi,
anayeuza mawese ng'ambo, Kalemie,
hajapiga simu tangu walipogawana kamera za baba.
Mimi sikuwa nimeuliza.

Umeme ukarudi saa nne kasoro.
Vioo vyote viwili vikafumbua macho.
Cha kushoto, cha wa ndani: orodha ya mafaili,
saa, deni la mteja wa Gungu,
kazi ndogondogo asizozionea kinyaa.
Cha kulia, cha mgeni: harusi yenyewe,
matarumbeta, jasho la mpiga ngoma,
shela, na kila uzi wa shela.
Feni zikapandisha sauti. Nikaweka kiganja juu ya bati:
joto, la kuvumilika.

Bukuru akashika kipanya.
Akamvuta bibi harusi kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu,
na pale mpakani akakwama kidogo,
kama abiria wa Kalemie anayepekuliwa karatasi bandarini.
Nusu ya uso huku, nusu kule.
Huku ngozi imeiva wekundu, kule imepoa.
Jicho moja limechorwa na wa nyumbani,
jingine na aliyekuja kwa treni.

"Rangi hazifanani," akasema.

Hilo hurekebishika, nikamwambia, kesho, kwa subira.
Hakuachia kipanya.
Alimwacha palepale, bibi harusi wa watu,
akitabasamu kwa mikono ya wachoraji wawili,
nami chini ya meza naitafuta nati ya nne,
ambayo siku zote hupotea.