Kikohozi cha Varlami

Tulidhani ni kituo.
Kwenye noti mwalimu alikiandika hivyo:
pumziko, nusu pigo, baada ya neno "jua".
Watu arobaini, kwaya nzima ya Tbilisi,
tunanyamaza hapo kwa heshima,
kisha tunaendelea.

Nikampelekea Elpide wimbo ndani ya simu,
huko Guria, jikoni kwake, mvua ikipiga bati.
Miaka tisini na mitatu. Sikio moja ndilo linalofanya kazi.
Baba yake alichukuliwa usiku, yeye akiwa na miaka kumi na miwili,
na picha zote zikachomwa kabla hakujapambazuka.

Nikabonyeza. Mkwaruzo kwanza,
kama mtu anapepeta mahindi chumba cha pili,
halafu sauti tatu: ya chini, ya kati,
na ile ya juu, inayopasuka kama jogoo mwehu.
Hakulia.
"Rudisha," alisema. Nikarudisha mwanzo.
"Siko huko. Kwenye kikohozi."

Mara nne. Khm. Khm. Khm. Khm.
Akacheka mpaka akashika meno ya bandia.

"Hapo anamkemea Lavrosi!
Lavrosi kapanda juu mno, kama kawaida yake,
na baba hawezi kumpiga teke,
maana mgeni mwenye mashine katupanga,
miguu tuli, vinywa kwenye tarumbeta la shaba,
nami na mtungi wangu, nimekatazwa kupumua."

Kumbe miaka yote hii
tunalinyamazia karipio.

Nikaulizia ubeti wa mwisho,
kwa kuwa wimbo wetu hukatika ghafla
na wasikilizaji huusifia ukali wa umaliziaji.
"Nta iliisha," alisema. "Wimbo wa palizi
huisha shamba linapoisha.
Kwa Domenti, shamba pana, mvinyo haba,
haukuisha. Tuliuacha kwenye matuta
tukaukuta kesho yake, una umande."

Shamba lile lilikuja kuwa chai. Chai ikawa magugu.

Nilipoinuka kuaga alinishika mkono.
Nimkatie kile kikohozi tu, nimwachie
kwenye simu ya mjukuu, ile yenye kioo kilichopasuka.
Nikamwambia: bibi, chukua wimbo wote, haugharimu kitu.

"Wimbo ninao," alisema,
akiiweka simu kati ya vitunguu.
"Hicho ndicho sikuwa nacho."